Mwili Nao Huifundisha Akili

Tunapozungumzia akili, mara nyingi tunafikiria kichwa peke yake. Ubongo tunauona kama bwana anayetoa amri, na mwili kama mtumishi anayetumwa. Uchunguzi wa miaka mingi unatuonyesha picha tofauti: mwili unaotambaa, unaoshika na kuanguka hushiriki kuujenga ubongo wenyewe. Katika makala hii tutaangalia jambo hilo katika ukuaji wa ubongo, katika tabia, na katika mashine zenye akili.

Mwili na ukuaji wa ubongo

Mwaka 1963, wanasayansi wawili wa Marekani, Richard Held na Alan Hein, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado linafundishwa vyuoni. Walichukua watoto wa paka waliolelewa gizani, wakawaweka wawili wawili kwenye mwanga kwa saa chache kila siku, ndani ya chombo cha duara chenye kuta za mistari. Mmoja alitembea kwa miguu yake na kuuzungusha mtambo. Mwenzake alibebwa katika kikapu upande wa pili. Vitu walivyoviona vilikuwa vilevile.

Baadaye, yule aliyetembea alinyoosha miguu ya mbele aliposogezwa karibu na meza, na aliepuka upande ulioonekana kuwa na shimo. Aliyebebwa hakufanya hivyo, ingawa macho yake yalikuwa mazima. Alipoachwa atembee huru kwa siku chache, naye akaweza.

Tunajifunza nini hapa? Kuona si kupokea picha tu. Ubongo hulinganisha mwendo wa mwili na mabadiliko yanayoonekana: nikipiga hatua, ukuta unasogea. Asiyepiga hatua hana cha kulinganisha.

Hata kwa binadamu, kazi ya mwili huacha alama katika ubongo. Mwaka 1995, Thomas Elbert na wenzake walionyesha kwamba kwa wapigaji wa vyombo vya nyuzi, kama fidla, sehemu ya ubongo inayopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa walioanza kujifunza wakiwa wadogo.

Mwili na tabia

Je, mtoto huzaliwa akiogopa kimo? Joseph Campos na wenzake waliwachunguza watoto wachanga juu ya meza ya kioo inayoonekana kama ukingo wa shimo. Waligundua kwamba hofu hiyo hujitokeza hasa baada ya mtoto kuanza kutambaa. Umri peke yake hautoshi. Kujisogeza mwenyewe ndiko kunakomfundisha kwamba chini ni mbali.

Karen Adolph alikwenda hatua moja mbele. Watoto waliokwisha kujua ni mteremko upi wanaweza kuushuka kwa kutambaa, walipoanza kutembea waliujaribu bila woga mteremko uleule uliowashinda. Ilibidi wajifunze upya. Maarifa yao yalikuwa yamefungamana na namna mwili ulivyokwenda.

Mwili na mashine

Mwaka 1997, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Lakini kete zake zilisogezwa na mtu aliyeketi mezani. Hans Moravec alikuwa ameeleza kinyume hicho tangu mwaka 1988: ni rahisi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika mchezo wa namna hiyo, na ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea.

Rodney Brooks naye alitengeneza roboti ndogo zilizoitikia vizuizi halisi moja kwa moja, na baadaye taasisi moja ya Italia mjini Genova ikaunda iCub, roboti yenye umbo la mtoto, ili ichunguzwe inavyojifunza kwa kushika vitu.

Programu za leo za akili mnemba zimejifunza zaidi kutokana na maandishi. Zinaweza kutueleza namna ya kusonga ugali, lakini hazijawahi kuungua na mvuke wala kuhisi mwiko ukiwa mzito. Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kuna ujuzi ambao maneno huusimulia tu.

Tufanye nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ujuzi wetu huanzia katika milango ya fahamu, na kwamba roho na mwili ni mtu mmoja. Hati ya Vatikani ya Januari 2025 kuhusu akili mnemba, *Antiqua et Nova*, nayo inakumbusha kwamba akili ya binadamu ni akili ya kiumbe chenye mwili.

Jambo hili linagusa nyumba zetu. Mtoto anayetulizwa kwa simu kutwa nzima anafanana na yule paka wa kikapuni: anaona mengi, hasogei. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wala asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Tumwache atambae, ashike mchanga, aanguke na kuinuka. Hapo anasoma.