Mgeni Akifungiwa Mjini, Chakula Kinamfikiaje?

Wengi wetu hapa Mbulu na Hanang tuna mtoto au ndugu anayeishi mbali. Wapo walio machimboni Mererani, wapo Arusha na Dar es Salaam, na wapo waliovuka mpaka. Siku za kawaida hatuwi na wasiwasi nao sana. Mtu anafanya kibarua leo, anakula leo. Lakini je, ikitolewa amri kwamba hakuna kutoka nyumbani? Atakula nini, na nani atajua kwamba yupo?

Jambo hilo lilitokea kweli kwa jirani zetu, katika mji wa Kampala, nchini Uganda, mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa Korona. Hapa Tanzania shule zilifungwa Machi mwaka ule, lakini sisi watu wazima tuliendelea kwenda shambani na sokoni. Uganda ilishika njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 21. Machi 25 magari ya abiria yalisimamishwa. Machi 30 Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba watu wakae majumbani, magari ya binafsi nayo yasitembee, na ikifika saa 1 jioni asionekane mtu barabarani. Zilisemwa siku 14, kisha zikaongezwa, zikaongezwa tena. Magari ya abiria hayakurudi Kampala mpaka Juni.

Sasa, Kampala wapo wakimbizi wengi waliokimbia vita vya Kongo ya mashariki. Wengi wao wanasema Kiswahili kama sisi, na wanapanga vyumba katika mitaa kama Nsambya na Katwe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Hiyo ni sheria nzuri. Lakini mgao wa chakula unatolewa kwenye makazi ya wakimbizi huko mashambani, kama Nakivale na Kyangwali. Anayechagua kukaa mjini anajitegemea mwenyewe.

Hebu tumfikirie mama mmoja wa Kikongo mwenye watoto wanne. Kila siku anazunguka mitaani na vitenge begani. Akiuza viwili, jioni ananunua unga na mkaa. Siku ile barabara zilipofungwa, biashara yake ilikwisha. Hana shamba, hana shangazi kijijini wa kumpelekea gunia la mahindi. Kiganda hakijui vizuri. Na kodi ya chumba inamngoja. Kurudi kwenye makazi ya wakimbizi nako kulikuwa kugumu, maana gari hakuna. Tena mwezi ule ule wa Aprili Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, kwa sababu ya kukosa fedha.

Serikali ya Uganda haikukaa kimya. Aprili 4 ilianza kugawa chakula Kampala na wilaya jirani ya Wakiso, kwa watu ambao riziki yao ilikatika. Ilikusudia kuwafikia watu milioni 1 na nusu. Kila mtu alipangiwa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage, pamoja na chumvi. (Waganda wanaita ugali wa mahindi posho. Kwetu posho ni mgao au malipo, kwa hiyo usishangae ukimsikia Mganda anasema amepika posho.) Tupige hesabu kidogo. Mtu mzima akila nusu kilo ya unga kwa siku, kilo 6 zinamtosha siku 12. Kutoka mwanzo wa Aprili mpaka mwanzo wa Juni ni siku zaidi ya 60. Basi hata aliyepata mgao ule alikuwa bado na safari ndefu.

Na wakimbizi wengi hawakuupata. Chakula kilipelekwa nyumba kwa nyumba na askari wakishirikiana na viongozi wa mitaa, na mkimbizi hakuwa katika hesabu. Sisi tunaona hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Njaa ya mgeni huanzia kwenye daftari. Mwenyeji anajulikana kwa jina, baba yake anajulikana, hata ng'ombe wake wanajulikana. Mpangaji wa chumba cha uani anajulikana kwa mwenye nyumba tu, na huyo anamjua siku ya kodi.

Wasomaji wa Hanang wanakumbuka Desemba 3, 2023, maji na tope vilipoteremka mlimani na kuingia Katesh. Waliopoteza nyumba walihifadhiwa shuleni, na misaada ikapelekwa pale pale. Katika maafa ya namna ile watu wanakusanywa, wanapikiwa chungu kimoja. Ugonjwa wa kuambukiza haukubali hivyo. Mkusanyiko wenyewe ndio hatari. Ndiyo maana Rais Museveni alionya kwamba mwanasiasa atakayeita watu na kuwagawia chakula atashitakiwa kwa kujaribu kuua. Mwenye msaada alitakiwa kuupeleka kwa kamati za serikali zilizoshughulikia ugonjwa. Wengine waliona amri ile ni kali mno. Hata hivyo ilimaanisha jambo moja: msaada uende mlangoni, na ili uende mlangoni lazima mlango ujulikane.

Nani aliijua milango ya Wakongo? Wakongo wenyewe. Mwaka 2007 vijana wakimbizi kutoka Kongo waliunda chama chao Kampala, kinaitwa YARID. Kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza, kushona na ufundi mwingine. Kwa maneno mengine ni kama darasa letu la kisomo. Wakati wa kufungiwa, chama hiki na vyama vingine vya wakimbizi viligeuka kuwa wagawaji wa chakula. Mwalimu anayejua mwanafunzi wake mjane anakaa wapi, ana watoto wangapi na anasema lugha gani, hahitaji kuuliza mtaani.

Njia nyingine ilikuwa simu. Baadaye mwaka ule Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilituma fedha kwa simu kwa wakimbizi wa Kampala. Jambo hili lisingewezekana kama mkimbizi hana laini iliyosajiliwa. Bahati nzuri, mwaka 2019 Uganda ilikuwa imeruhusu laini kusajiliwa kwa hati za ukimbizi.

Wala si Afrika tu. Uingereza wapo wazee wengi kutoka Ayalandi, waliokwenda ujanani kujenga barabara na kuuguza wagonjwa hospitalini. Wengine sasa wanaishi peke yao. Nchi ilipofungwa Machi 2020, kumbi walimokuwa wakila pamoja zilifungwa. Vyama vya Waayalandi wenzao vikawapelekea chakula mlangoni na kuwapigia simu, kuwasalimu tu na kusikia kama sauti bado ina nguvu.

Uganda ilifunga tena Juni 2021, kwa siku 42. Msomaji aliyekuwa huko miaka ile, au mwenye ndugu aliyekuwa huko, atuandikie alivyoishi. Barua mpe mwalimu wa kituo chako cha kisomo.