Idadi ya Mikato ya Grafu ya Kwadratiki na Ukomo wa Uvuvi wa Dagaa katika Mwambao wa Rumonge

Katika mialo ya Rumonge, kusini mwa Bujumbura, dagaa (ndagala kwa Kirundi) huvuliwa usiku kwa taa. Swali linalowakabili washauri wa sera ni iwapo samaki wanaozaliwa na kukua huwafidia wanaovuliwa. Katika modeli ya Schaefer ya mwaka 1954, swali hilo hugeuka kuwa la kihisabati: grafu ya kwadratiki hukata mhimili mlalo mara ngapi?

Modeli hiyo hueleza badiliko la akiba ya samaki, B, kwa mwaka kuwa −(r/K)B² + rB − H. Hapa r ni kasi ya kuongezeka, K ni wingi wa juu ambao ziwa laweza kuuhimili, na H ni mavuno yasiyobadilika. Idadi ya mikato hujulikana bila kuutafuta mkato wowote. Yatosha kutazama kibainishi, b² − 4ac, ambacho hapa ni r² − 4rH/K. Kikiwa chanya, mikato ni miwili. Kikiwa sifuri, grafu hugusa mhimili mara moja. Kikiwa hasi, haiufikii kamwe, na akiba hupungua popote ianziapo.

Kwa kielelezo tu, r iwe 0.8, K iwe 100 na H iwe 15. Kibainishi ni 0.16, na mikato iko kwenye 25 na 75. Akiba ikitikiswa karibu na 75 hurejea hapo. Ikishuka chini ya 25 huporomoka, ingawa mavuno hayakuongezwa. H ikiwa 20, mkato ni mmoja tu, kwenye 50. Hicho ndicho “kiwango cha juu endelevu” kinachosifiwa mno katika nyaraka za sera, ilhali upungufu mdogo chini ya 50 huanzisha anguko.

Tena K si thabiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa mimea midogo ya Ziwa Tanganyika ulishuka kwa takriban asilimia 20 kutokana na joto linalodhoofisha mchanganyiko wa maji. Katika kielelezo, K ikishuka hadi 80 huku H ikibaki 15, mikato husogeleana kuwa 30 na 50. K ikifika 75 huungana. Chini ya hapo hakuna mkato, wala hakuna mvuvi aliyeongeza wavu.

Mavuno yakiwa sehemu h ya akiba badala ya tani maalumu, kibainishi huwa (r − h)², ambacho hakiwezi kuwa hasi. Maadamu h ni ndogo kuliko r, mkato thabiti hubaki kwenye K(1 − h/r). Kufunga ziwa kwa miezi mitatu, kama Tanzania ilivyofanya upande wake mwaka 2024, hulenga kupunguza h, si kuweka H.