Meno ya Utoto Yana Kazi Yake

Hapa hospitalini huletwa mara kwa mara watoto wa miaka minne au mitano wenye gego lililotoboka. Mzazi hutuambia, "Sista, ling'oeni tu, si jino la utoto? Litaota jingine." Ni kweli, litaota jingine. Lakini litaota wapi?

Mtoto ana meno ya utoto 20. La kwanza huota akiwa na miezi 6 hivi, na akifikia miaka 3 yote huwa yametimia. Licha ya kutafuna, kila jino hulitunzia nafasi jino la ukubwa linalokua ndani ya taya. Ni kama mtu aliyekushikia kiti ndani ya basi. Akiondoka mapema, wengine husogea, nawe ukifika hukuti mahali pa kukaa.

Gego la utoto likitoka kabla ya wakati, magego ya nyuma yake husogea mbele na kuziba pengo. Jino la ukubwa, ambalo huota hapo kati ya miaka 10 na 12, hukosa njia. Huota upande, hupandana na mengine, au hubaki ndani ya ufizi. Meno yaliyobanana ni vigumu kuyasafisha, hivyo huoza upesi. Kuyanyoosha kunahitaji waya za meno, ambazo huvaliwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Gharama yake ni kubwa, na wataalamu wake ni wachache.

Meno ya "plastiki"

Tangu miaka ya 1980 wapo watu hapa Tanzania wanaoamini kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana "meno ya plastiki". Ule uvimbe mweupe wanaouona ufizini ni chonge za utoto ambazo bado hazijaota. Zikichokolewa kwa kisu au kwa chuma kichafu, mtoto anaweza kutokwa na damu hadi kufa, au kupata pepopunda au virusi vya Ukimwi. Akipona, chonge zake za ukubwa huweza kuota zimeharibika. Homa na kuharisha vina sababu nyingine zinazotibika. Mnyonyesheni mtoto, kisha mumlete zahanati siku hiyo hiyo.

Tufanye nini?

1. Msafisheni mtoto meno mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza, kwa dawa ya meno yenye floridi. Kabla ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Asilale na chupa ya maziwa au chai yenye sukari.

2. Akiwa na miaka 6 hivi, gego la ukubwa huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni la utoto. Litunzeni, maana likiharibika haliji jingine.

3. Jino jipya la mbele likiota nyuma ya lile la utoto, msishtuke. Mara nyingi la utoto hulegea lenyewe, na ulimi husukuma lile jipya mbele. Miezi miwili mitatu ikipita bila kulegea, mleteni mtoto.

4. Kunyonya kidole husukuma meno ya juu nje. Afikapo miaka 4, msaidieni aache. Msimpige wala kumpaka pilipili. Msifuni kila siku anayojizuia.

5. Afikapo miaka 7, apimwe na mganga wa meno hata kama haumwi.

Hatusemi jino lenye usaha liachwe mdomoni. Lakini gego lililotoboka likiwahiwa, mara nyingi huzibwa. Ikilazimu kung'olewa, mwulizeni mganga kama mtoto anafaa kuwekewa kifaa cha kutunza nafasi.

Tunamkumbuka msichana mmoja wa darasa la sita aliyeziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka. Magego yake ya utoto yaling'olewa mapema, na chonge zake zilikosa pa kuotea. Mama yake alitwambia, "Laiti ningalijua." Ninyi sasa mmejua.