Kabla ya kubandua marumaru jikoni, mtoto alale kwa bibi

Fundi amefika Jumamosi asubuhi na tindo, nyundo na grainda. Marumaru za ukuta wa jikoni zimepasuka, nyingine zimeachia, na mama mwenye nyumba ameamua ukuta upigwe lipu na kupakwa rangi. Kufikia saa tano, vumbi jeupe limetua juu ya masufuria, limepita koridoni na kuingia kwenye neti ya mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo ana pumu.

Hali kama hiyo si ngeni katika nyumba zetu. Kwenye bajeti ya ukarabati huandikwa saruji, mchanga na ujira wa fundi. Vumbi halinunuliwi dukani, kwa hiyo hakuna anayelikumbuka.

Marumaru, saruji na mchanga vyote vina madini ya silika. Grainda inapokata vikiwa vikavu, hutoka chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1997, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka silika inayovutwa kazini kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi hilo pia huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu unaowakuta hata wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani.

Siku mbili za vumbi jikoni haziwezi kukuletea silikosisi. Mwenye kubeba hatari hiyo ni fundi anayerudia kazi hiyo miaka na miaka, mara nyingi akiwa amejifunga fulana puani. Lakini kwa mwenye pumu, saa chache tu zinaweza kuamsha shambulio.

Je, ni lazima kubandua? Wapo mafundi wanaopiga lipu juu ya marumaru, na inawezekana ikiwa zimeshika vizuri, zimesuguliwa mafuta yote na kupakwa gundi maalumu ya kushikisha. Tatizo ni kwamba uso wa marumaru unateleza na haunywi maji, hivyo lipu haina pa kung'ang'ania. Gonga kila moja kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama debe tupu, imeachia, na lipu itakayowekwa juu yake itadondoka nayo. Kwa ukuta wa jikoni ambao watoto hucheza chini yake, kubandua ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Siku ya kazi, mtoto, mjamzito na mgonjwa wa kifua wahame, si chumba cha pili, bali nyumba nyingine. Vyombo na vyakula vitolewe, mlango wa ndani uzibwe kwa nailoni, dirisha la nje liachwe wazi. Feni izimwe. Umeme wa ukuta huo ukatwe na maji yafungwe, kwa sababu tindo haijui bomba limepita wapi.

Ukuta unyunyiziwe maji kabla na wakati wa kubandua. Fundi atumie tindo zaidi kuliko grainda, avae miwani, glavu ngumu na barakoa aina ya N95. Ile ya kitambaa haizuii chembe hizo. Vipande vya marumaru hukata kama chupa, kwa hiyo vitiwe kwenye ndoo au kiroba kigumu. Usifagie pakavu, lowesha kisha dekia.

Gundi ya zamani ikwanguliwe yote, ukuta uoshwe na kuloweshwa. Kisha fundi arushe rojo zito la saruji na mchanga ili uso uwe na mikwaruzo, auache ukauke na kushika kabla ya lipu yenyewe. Hatua hii ndiyo mafundi wa haraka huiruka, na ndiyo maana lipu nyingi hupasuka.

Saruji mbichi nayo huunguza ngozi taratibu, mtu asijue hadi jioni. Ikigusa mkono, ioshwe mara moja. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

Mtoto arudi baada ya kuta, mapazia na neti kufutwa au kufuliwa, na inhela yake iwe karibu wiki hiyo. Nguo za kazi zisikung'utwe mlangoni wala kufuliwa pamoja na zake.