Ulinzi wa usikivu wa mbwa katika ndege ndogo

Ulinzi wa usikivu wa mbwa katika ndege ndogo ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili kelele za injini, rafadha na upepo zisiharibu masikio ya mbwa anayesafirishwa kwa ndege ya binafsi. Suala hili limezungumzwa zaidi nchini Marekani, nchi yenye marubani wengi wa ndege za binafsi, ambako si ajabu kumwona mbwa ameketi nyuma ya mwenyewe katika Cessna 172 au Piper Cherokee. Huko pia kuna shirika la Pilots N Paws, lililoanzishwa mwaka 2008, ambalo huwaunganisha marubani wa kujitolea na watu wanaookoa wanyama waliotelekezwa, ili mbwa wapelekwe kwa ndege mahali watakapopata makao mapya. Katika safari kama hizo rubani na abiria huvaa hedifoni zinazozuia kelele. Mbwa mara nyingi havai kitu.

Kelele ndani ya ndege ndogo

Ndege ndogo ya kawaida ina injini ya pistoni mbele tu ya miguu ya rubani, ukuta mwembamba wa aluminiamu, na milango ambayo mara nyingi haizibi vizuri. Kelele ndani yake wakati wa kuruka kwa kawaida huwa kati ya desibeli 85 na 100.

Namba hizi zinahitaji maelezo, kwa sababu desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Kila zikiongezeka desibeli 3, nishati ya sauti huwa mara mbili. Zikiongezeka 10, huwa mara kumi. Ndege yenye desibeli 95 si "kubwa kidogo" kuliko yenye 85, bali inayapiga masikio kwa nishati mara kumi. Hapa ndipo wanafunzi hukosea kila mwaka, na watu wazima pia.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kwa kila ongezeko la desibeli 3 muda huo hukatwa nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2, desibeli 94 saa 1, desibeli 97 nusu saa, na desibeli 100 dakika 15 tu. Vipimo hivi viliwekwa kwa ajili ya binadamu. Hata hivyo vinatosha kuonyesha uzito wa jambo: mbwa anayeruka saa 2 bila kinga katika kelele ya desibeli 94 amepata mara mbili ya kiasi ambacho mtu angeruhusiwa kukipata kwa siku nzima.

Sehemu kubwa ya kelele hiyo ni ya sauti nzito. Rafadha yenye mapanga mawili ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, inazunguka mara 40 kwa sekunde, na kwa kuwa kila mzunguko mapanga mawili hupita, hewa hupigwa mara 80 kwa sekunde, yaani 80 Hz. Juu ya mngurumo huo huongezeka sauti za bomba la moshi, upepo na mitetemo ya bodi, ambazo husambaa hadi kwenye sauti nyembamba zaidi.

Masikio ya mbwa

Binadamu kijana husikia sauti kuanzia takriban 20 Hz hadi 20,000 Hz. Mbwa husikia kuanzia takriban 67 Hz hadi 45,000 Hz. Watu wengi hukata shauri kwamba kwa hiyo mbwa husikia kila kitu kwa nguvu zaidi kuliko sisi. Si sahihi. Kwenye sauti nzito mbwa hatuzidi; anatuzidi kwenye sauti nyembamba, na zile za juu kabisa sisi hatuzisikii hata kidogo. Hatari ya ndege haitokani na mbwa kuwa na "masikio makali", bali na nishati ya sauti inayofika katika sikio la ndani, na huko mbwa na mtu wameumbwa kwa namna moja.

Ndani ya sikio mna mrija uliojiviringa kama konokono, na ndani yake mna seli zenye vinyweleo vidogo sana. Mtetemo wa sauti huvitikisa vinyweleo, na seli hupeleka habari kwenye ubongo. Kelele kubwa ya muda mrefu huzichosha seli hizo. Zikichoka kidogo usikivu hupungua kwa muda, kisha hurudi. Zikifa hazioti tena, kwa mbwa wala kwa mtu. Madhara hayana maumivu wala damu.

Ndiyo maana hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba "mbwa wangu hulala usingizi safari nzima, basi kelele haimsumbui", haina nguvu. Mtetemo wa ndege huwaletea usingizi mbwa wengi kama unavyowaletea abiria wa basi. Mbwa aliyelala anapokea kelele ileile. Na yule aliyepewa dawa ya kutuliza anaipokea vilevile, pamoja na hatari za dawa yenyewe. Dawa hizo zisitolewe bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Vifaa vya kinga

Umbo la sikio la mbwa linaleta ugumu. Njia yake ya sikio hushuka kwanza, kisha hukunja kona kuelekea ngoma ya sikio, mfano wa herufi L. Vizibo vya sponji vya binadamu havikai vizuri humo: mbwa huvitikisa vikatoka na pengine akavimeza, au kipande husukumwa ndani na kubaki. Pamba ni rahisi kupatikana lakini huzuia kelele kidogo mno, na huleta hatari ileile ya kusahaulika sikioni.

Kinachotumika zaidi ni vikinga masikio vya vikombe viwili vinavyofunika masikio kwa nje na kufungwa kwa mikanda, mmoja chini ya kidevu na mwingine nyuma yake. Mfano unaojulikana miongoni mwa marubani ni Mutt Muffs, vilivyotengenezwa Marekani. Vinafanya kazi pale tu ukingo wa kikombe unapokaa sawasawa juu ya ngozi na manyoya. Nafasi ndogo hupitisha kelele nyingi, hasa ile nzito. Kwa hiyo namba ya desibeli iliyoandikwa kwenye boksi ichukuliwe kwa tahadhari: kichwa cha mbwa mwenye uso mwembamba si sawa na cha mwenye mashavu mapana.

Aina nyingine ni kofia laini inayobana kichwa chote. Mwaka 2020 Jeshi la Marekani lilitangaza kofia ya namna hiyo, iitwayo CAPS, iliyobuniwa na kampuni ya Zeteo Tech pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati kwa ajili ya mbwa wa kijeshi. Sababu iliyotolewa inafaa kukumbukwa: hata safari fupi ya helikopta inaweza kupunguza usikivu wa mbwa kwa muda, naye akashuka akiwa hasikii amri za mwongozaji wake.

Mkanda wa kidevu usimzuie mbwa kufungua kinywa. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na ndege iliyosimama juani hupata joto haraka sana.

Kumzoesha

Mbwa asiyezoeshwa atakivua kifaa kwa makucha kabla ndege haijaondoka, na rubani aliye peke yake hawezi kuacha usukani ili kumvika tena. Mazoezi huanza nyumbani siku nyingi kabla ya safari: kifaa huguswa kichwani kwa sekunde chache, mbwa hupewa kipande cha nyama, kisha muda huongezwa taratibu hadi atulie nacho nusu saa. Baadaye hupelekwa kwenye ndege iliyozimwa, kisha husimama mbali na ndege inayonguruma akiwa amevaa. Kifaa kivaliwe kabla injini haijawashwa na kivuliwe ikishazimwa.

Kumweka mbwa nyuma badala ya kiti cha mbele, kurekebisha mipira ya milango na kupunguza nguvu ya injini baada ya kupanda hupunguza kelele kiasi, lakini havitoshi bila kinga.

Shinikizo la hewa

Vikinga masikio havisaidii kitu kuhusu shinikizo la hewa, ingawa mambo haya mawili huchanganywa. Ndege ikishuka, shinikizo nje ya ngoma ya sikio huongezeka, na husawazishwa kwa kumeza mate au kupiga mwayo. Mbwa haambiwi "meza", lakini akipewa kitu cha kutafuna atameza mwenyewe. Kushuka polepole, kama futi 500 kwa dakika, humpa nafasi. Mbwa mwenye uambukizo wa sikio ni afadhali abaki nyumbani.

Dalili na upimaji

Mbwa anayepoteza usikivu haitikii jina lake akiwa amegeuka, haamki mlango unapofunguliwa, au hushtuka anapoguswa. Wenye mbwa wengi hudhani amekuwa mkaidi. Jaribio la nyumbani lifanywe mahali asipoona wala kuhisi mtikisiko wa sakafu, la sivyo atageuka kwa sababu nyingine. Jibu la uhakika hutokana na kipimo cha BAER, ambapo sauti fupifupi hupelekwa katika kila sikio na mwitikio wa neva na ubongo husomwa kwa vinasaumeme vilivyowekwa kichwani. Kipimo hicho hutumika pia kwa watoto wa mbwa wa jamii ya Dalmatian, ambao baadhi yao huzaliwa na uziwi.

Afrika ya Mashariki na Kongo

Katika eneo hili mbwa wa nyumbani wanaosafiri kwa ndege za binafsi ni wachache. Mbwa wa kazi wapo: Hifadhi ya Lewa nchini Kenya na Hifadhi ya Taifa ya Virunga nchini Kongo zina mbwa wanaofuata harufu ya majangili, na kwenye maeneo mapana kama hayo njia ya haraka ya kuwafikisha wanakohitajika ni ndege ndogo au helikopta. Mbwa huyo hufanya kazi kwa pua, lakini amri huzipokea kwa masikio, na mara nyingi huanza kufuata nyayo dakika chache tu baada ya kushuka.