Kufunga Dirisha Si Kutoka: Usalama wa Nywila katika Kompyuta ya Pamoja

Programu ya kutunza nywila huweka nywila zote za mtumiaji katika hifadhi moja iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, hivyo kwamba mwenyewe hulazimika kukumbuka nywila kuu moja tu. Mafundi wengi wa kompyuta hupenda kuiendesha kwa amri zinazoandikwa katika teminali, ambayo ni dirisha la maandishi matupu lisilo na vitufe wala picha. Wepesi huo una gharama yake, kwani teminali haina kitufe cha kumkumbusha mtu kutoka, na anayeondoka bila kuandika amri inayostahili huenda akaacha mlango wazi pasipo kujua.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika maeneo ya vijijini kama kata ya Mwamanyili, wilayani Busega mkoani Simiyu, kwa kuwa pale ambapo shule, zahanati au chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kina kompyuta moja tu, watumishi kadhaa hulazimika kupokezana kiti kimoja. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamkataza mtu kubaki kwa makusudi na kinyume cha sheria ndani ya mfumo wa kompyuta baada ya muda aliopewa kwisha. Hata hivyo, sheria humwadhibu mkosaji baada ya kosa, ilhali kuzuia kosa lisitendeke ni kazi ya mwenye akaunti.

Mfano mzuri ni programu ya Bitwarden. Amri ya bw login humtambulisha mtumiaji kwa seva, na bw unlock hufungua hifadhi na kutoa ufunguo wa kipindi, ambao kwa kawaida huwekwa katika kigezo kiitwacho BW_SESSION, yaani thamani ambayo teminali huishika na kuirithisha kila programu inayoanzishwa ndani yake. Dirisha likifungwa, kigezo hicho hupotea, lakini akaunti hubaki imeingiwa na nakala iliyosimbwa ya hifadhi hubaki katika diski. Amri ya bw lock hubatilisha ufunguo wa kipindi bila kuiondoa akaunti, kwa hiyo inamfaa anayetoka kwa muda mfupi katika kompyuta yake mwenyewe. Anayemwachia mwingine kompyuta anapaswa kutumia bw logout, kisha unset BW_SESSION ili kufuta kigezo, na mwishowe bw status, ambayo hujibu "unauthenticated" iwapo kweli ametoka.

Programu nyingine zina taratibu zake. Katika 1Password, kipindi cha aliyeingia kwa kuandika nywila kuu hukoma baada ya dakika 30 za kutotumika, ingawa op signout hukikomesha papo hapo. Programu iitwayo pass haina amri ya kutoka kabisa, kwa sababu humtegemea wakala wa programu ya usimbaji ya GPG, ambaye kwa mpangilio wa kawaida huikumbuka nywila kwa dakika 10 tangu ilipotumika mara ya mwisho, na kwa jumla isiyozidi saa 2. Amri ya gpgconf --kill gpg-agent humsahaulisha mara moja.

Hata baada ya kutoka, mabaki yanaweza kusalia. Nywila iliyoandikwa ndani ya amri yenyewe huhifadhiwa katika kumbukumbu ya amri zilizopita, na nywila iliyonakiliwa inaweza kubandikwa na mtu anayefuata, ndiyo maana pass huifuta baada ya sekunde 45. Vilevile, ufunguo uliohifadhiwa katika faili la mipangilio ya teminali hurudi kila dirisha jipya linapofunguliwa, kwa hiyo haufai kuwekwa humo.

Kompyuta ikiibwa kabla mtumiaji hajatoka, anaweza kuingia katika akaunti yake kwa kifaa kingine, akabatilisha vipindi vyote, kisha akabadilisha nywila kuu pamoja na nywila muhimu zilizokuwamo. Njia hiyo, hata hivyo, ni ya dharura. Kila ofisi yenye kompyuta ya pamoja inapaswa kuweka kanuni kwamba hakuna mtumishi anayenyanyuka kitini kabla hajatoa amri ya kutoka na kuhakikisha kwamba imetekelezwa.