Muuguzi wa Likasi analipwa na nani?

Usiku wa manane katika wodi ya hospitali ya serikali mjini Likasi, mji wa madini kusini mwa Kongo, muuguzi anabana simu kwa meno ili impe mwanga, mikono yake miwili ikitafuta mshipa wa mtoto mwenye malaria. Chini ya vitanda wamelala ndugu wa wagonjwa, wale wanaowaosha na kuwapikia bukari, yaani ugali. Muuguzi ana diploma na miaka kadhaa kazini. Matrikile, yaani namba ya utumishi wa serikali, hana, kwa hiyo hana mshahara.

Walio kama yeye ni wengi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengine hupata posho ya hatari peke yake, wengine hata hiyo hawaioni. Wanaishi kwa mapato ya hospitali: mwisho wa mwezi fedha za wagonjwa zinahesabiwa, gharama za dawa na matengenezo zinatolewa, kinachobaki wanagawana kwa vyeo. Basi anayemlipa muuguzi ni mama aliyeuza makaa ili mwanawe atibiwe. Hii ni dhuluma kwa wote wawili.

Zamani haikuwa hivyo kwa kila mfanyakazi mjini hapa: kampuni za madini, Union Minière, kisha Gécamines, ziliwapa wafanyakazi wao wa Likasi mshahara, matibabu na poso, yaani mgao wa unga. Sisemi zama zile zilikuwa za haki. Poso ilikuwa pia kamba ya kumfunga mfanyakazi. Lakini hata kamba hiyo ilikatika: mishahara ilikwama miezi na miezi, na kuanzia 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia.

Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inaahidi ujira wa haki unaomwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi kwa heshima. Lakini ahadi peke yake haimlipi muuguzi. Mpango wa serikali wa uzazi bila malipo, ulioanzia Kinshasa Septemba 2023, ni neema kwa akina mama. Hata hivyo, popote fedha za serikali zinapochelewa kufika hospitalini, mgawo wa mkunga ndio unaopungua kwanza.

Malori ya shaba na kobalti yanapita Likasi kila siku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, kwa hiyo nakataa kuambiwa kwamba fedha hakuna. Serikali ianze na orodha ya wauguzi wa kila hospitali, ibandikwe mlangoni, isomwe na wanaofanya kazi pamoja. Wao wanajua nani hukesha wodini na nani ni jina hewa. Wakishathibitishwa, wapewe matrikile na mshahara unaolipwa benki kila mwezi.